Njooni mtuulize habari za Mbaraka tungali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Juzi nilikua kijiweni hapa Morogoro na wazee wenzangu tunakunywa kahawa, mara simu ya kijana mmoja wa bodaboda ikalia gita, wote tukageuka kwa pamoja maana lile gita hata ulisikie usingizini unalijua, ni Mbaraka Mwinshehe huyo, mwanamuziki wetu na mpiga gita. Kijana anatushangaa, akasema "wazee wangu hizi si zilipendwa za Wakenya? Huyu jamaa si alikua Mkenya?" Yaani mzee mmoja kikombe kilimponyoka. Mbaraka Mkenya! Anaambiwa hivyo nani, watu wa mji kasoro bahari!

Ila baadae nikikaa nikifikiria naona kijana hana makosa makubwa. Enzi zile bendi zetu zilikua zinarekodi pale Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), nyimbo zinapigwa redioni nchi nzima, lakini kiwanda cha kuchapa santuri hatukua nacho, kwahiyo ukitaka wimbo wako uwe kitu cha kushika mkononi mtu akanunue dukani, safari ni Nairobi. Santuri za Mbaraka zimetoka huko. Na wimbo wake wa Shida ulivuma Kenya kama vile katungia kwao, na hata mpaka wa Kenya na sisi ulipofungwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, gita liliendelea kupita tu. Sasa mtoto wa leo anaona maandishi ya Nairobi kwenye picha ya santuri kule mtandaoni, aseme nini? Makosa ni yetu sisi tuliokuwepo tukakaa kimya, na mniwie radhi, na nyinyi wa magazeti pia, ambao kila ikifika Januari mnatuletea mistari ileile, kafa kwa ajali Kenya mwaka 1979, alikua mpiga solo hodari, basi, hadi Januari nyingine.

Mimi nataka kusema ya nyumbani kwetu maana ndo ninayoyajua.

Nyumba yetu ilikua na serikali mbili. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikua kibarua wa reli na yeye ni mtu wa bendi ya Cuban Marimba, mtu wa Salum Abdallah, yule waliyekua wakimwita SAY. Vijana sa hivi hawamjui kabisa Salum ila bila yeye huwezi kuielewa Morogoro, huyu alianza na bendi ya La Paloma mwaka 1948 huko, anasikiliza santuri za Kicuba anazigeuza Kiswahili chetu, na akafa kwa ajali ya gari 1965. Nilikua mdogo, ninachokumbuka ni mjomba kukaa kwenye kigoda uani hajavua hata viatu vya kazini, sahani ya ugali mbele yake imefunikwa, nzi wanatua juu ya kawa, na mama anatukataza kumsogelea. Baadae Juma Kilaza akaiendeleza Cuban na mjomba akahamia kwa Kilaza moja kwa moja, hakuyumba.

Mama yeye bendi yake ni Morogoro Jazz. Na Morogoro Jazz kuanzia katikati ya miaka ya sitini maana yake ni huyo huyo Mbaraka, kijana mwembamba na gita lake. Sasa fikiria jioni mama anafua anaimba nyimbo za Likembe, mtindo wa watu wa Jazz, mjomba yuko barazani anapiga mluzi wa Cuban makusudi kwa sauti ya juu, hawasemeshani mpaka chakula cha usiku. Watu wanacheka wakisikia Simba na Yanga, sisi Simba na Yanga yetu ilikua bendi, unajua kabisa nyumba fulani ni ya Cuban na ile ya pili ni ya Jazz, na nawaambia ukweli ule ushindani ndo ulifanya huu mji utoe muziki ule, maana huku wakitoa mtindo mpya kule hawalali.

Kuingia ukumbini sikuwahi utotoni, kiingilio ningekitoa wapi. Tulikua tunapanda mwembe wa jirani na ukumbi, watoto sita saba tawi moja, hatuoni kitu zaidi ya bati na taa, tunasikia tu. Na nimekuja kugundua ukubwani kwamba pale juu ya mwembe ndo pazuri, besi unaisikia tumboni, tumba zinakuja zinapotea na upepo wa Uluguru, halafu Mbaraka akianza solo wale waliokua wanapiga kelele getini wananyamaza wenyewe. Anapiga kama mtu anayeongea na wewe, anauliza, anajijibu, anarudia swali kwa namna nyingine. Waliomwita Soloist National hawakukosea.

1970 Morogoro Jazz wakaenda Japani, kwenye yale maonyesho makubwa ya Osaka, Expo 70. Mhariri wewe unaweza usione uzito wake, lakini sisi wengi mwisho wa dunia ulikua Dar, leo watu wa mtaani kwenu wameitwa Japani kupiga dansi! Shuleni mwalimu wa jiografia alituonyesha Osaka kwenye ramani na kwa mara ya kwanza darasa zima lilikua linamsikiliza. Hata mjomba siku hiyo alikubali, akasema "haya, wametutoa kimasomaso," halafu akaongeza kwamba Salum angekua hai wangeitwa Cuban. Hakuacha yule mzee.

Na Mbaraka alikua anaimba mambo ya nchi, si mapenzi tu. Dokta Kleruu mkuu wa mkoa wa Iringa alipouawa sikukuu ya Krismasi 1971, Mbaraka alitoa wimbo wa maombolezo, na kuna watu wazima nawajua habari ile wameishika kichwani kwa sababu ya wimbo kuliko gazeti (samahani Mhariri).

1973 akaondoka Morogoro Jazz kuanzisha bendi yake ya Super Volcano. Mama alichukia wiki nzima, kama mtoto kahama nyumba, halafu mtindo wa Masika ulipokuja kuvuma akajifanya hajawahi kuchukia. Mimi sasa nishakua kijana, nina suruali ya bugaluu na viatu vyangu vya raizoni, nikawa naingia kwa kulipa, na kusema kweli nilikua naikumbuka ile mwembe.

Sasa hapa ndo nilipotaka kufika. Mama alikua na santuri moja ya Mbaraka aliletewa na binamu yake kutoka Nairobi kabla mpaka haujafungwa, na gramafoni ilikua ya mjomba. Hebu ona hiyo vita. Mjomba akikubali kuipiga santuri ya Jazz ni mpaka apewe chai kwanza. Sindano ilikua imechoka ikawa inaruka, kwahiyo tunaweka shilingi juu ya ule mkono wake, ile shilingi yenye kichwa cha Nyerere, inatulia. Isipokua sehemu moja kabla ya solo, hapo hata uweke shilingi mbili inaruka, maneno kama matatu hivi yanamezwa. Sisi watoto tuliujua wimbo hivyohivyo na kuruka kwake, tunaimba tukifika pale tunaruka wote pamoja. Mwaka juzi mjukuu akanitafutia wimbo huohuo kwenye simu, safi hauna mkwaruzo, ukafika pale yakatoka yale maneno. Miaka hamsini siyajui! Nilimwambia arudishe nyuma mara nne, akaniuliza babu unalia nini, nikamwambia vumbi.

Januari 1979 tulikua vitani na Amin, redio muda wote iko wazi nyumbani maana mdogo wangu alikua mstari wa mbele, kila taarifa ya habari mama anasimama. Ikaja habari kwamba Mbaraka kafa kwa ajali ya gari huko karibu na Mombasa. Hakufika hata miaka arobaini. Mama alikaa chini. Na mjomba, mtu wa Cuban wa kufa na kupona, alikwenda akaitoa gramafoni kabatini bila kuombwa, akaifuta, akaweka santuri ya mama, akaweka na shilingi. Wote wawili hawakusema neno mpaka upande wa kwanza ukaisha.

Mama na mjomba washatangulia. Kijiweni kwetu tulikua kumi na moja, sasa tuko watano, na mmoja wapo aliwahi kuwabebea bendi vyombo, anajua nani alikaa wapi jukwaani na gari iliharibika wapi njiani, ila masikio yashaanza kumuacha. Ombi langu Mhariri, tuma mwandishi. Asije na maswali ya kufa tu, aje aulize kulichezwaje, kulivaliwaje, nani aligombana na nani. Aje kabla ya mvua za masika maana bati langu linavuja na santuri ya mama nimeifunga kwenye nailoni chini ya kitanda. Shilingi ya Nyerere ninayo bado. Gramafoni sina, ilishakufa, kwahiyo akija aje na kitu cha kuipigia.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mji Mpya, Morogoro