Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti: tuondolee moshi wa sigara kwenye steji

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za mama anayepika ugali na omena kwenye steji ya magari ya Busia na Siaya. Sijawahi kuvuta sigara maishani, lakini mapafu yangu yameharibika. Nikibeba mtungi wa maji nalazimika kuketi njiani nitafute pumzi.

Jumatatu iliyopita nilimwomba kijana aliyekuwa akivuta mlangoni pa kibanda changu asogee, maana kikohozi kilikuwa kimenishika. Askari wa kaunti alikuwa pale pale. Badala ya kumkanya, alimwomba kiberiti akawasha sigara yake, chini ya bango la "Usivute Sigara Hapa". Bango hilo mliliweka ninyi, Mheshimiwa. Tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, ulisimama kwenye steji hiyo hiyo ukatuahidi kwamba Krismasi haitatukuta na moshi. Krismasi imepita, Pasaka nayo imepita.

Wengi hudhani ni harufu tu inayotukera. Mmea wa tumbaku hufyonza kadimi, metali yenye sumu, kutoka udongoni ikailimbikiza kwenye majani, na mbolea nyingi za fosfeti huiongeza shambani. Jani likiungua, kadimi hupanda na moshi pamoja na sumu nyingine, madini ya risasi na aseniki. Mvutaji angalau ana kichungi mdomoni. Moshi wa ncha inayowaka hauchujwi na chochote, tunauvuta mimi na watoto wanaosubiri matatu. Tena kadimi haitoki mwilini upesi: hujikusanya kwenye figo na kukaa miaka na mikaka. Ni sumu inayosababisha saratani ya mapafu.

Daktari aliniambia mirija yangu ya hewa imebana, chanzo hakukitaja. Wapo watakaosema ni makaa ninayopikia. Huenda yamechangia, sikatai. Lakini dada yangu amepikia kuni kijijini miaka mingi kuliko mimi, na bado anapanda kilima na mzigo kichwani bila kupumzika. Mimi naamini tofauti yetu ni hii steji. Inhela, kile kidude cha kuvutia dawa ya kifua, nainunua mwenyewe. Wiki ambayo biashara imelala naikosa, na usiku nalala nimeketi, nimeegemea ukuta, binti yangu akinipepea kwa kipande cha katoni.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ipo tangu 2007. Anayevuta mahali pa umma palipokatazwa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi 6. Sheria hiyo hiyo inakataza sigara kuuzwa moja moja, na kuuziwa aliye chini ya miaka 18. Hapa zinauzwa moja moja mchana kweupe, na wanunuzi wengine wamevaa sare za shule. Mheshimiwa, wewe ulituahidi. Tulikupigia makofi.

Siombi semina wala bango jingine. Naomba maafisa wa afya ya umma wasimame kwenye steji hii kila siku na wawashtaki wanaovunja sheria, akiwemo askari wako. Tafadhali, walete wiki hii. Tuondolee huo moshi, Mheshimiwa, tuondolee. Mimi nafungua kibanda saa kumi na moja alfajiri, na nitawaonyesha wanaposimama wauzaji wote.

Wako,
Mama mpishi wa steji