Uje gizani, si mbalamwezi

Kirumba, Mwanza

Shoga yangu Rehema,

Mwangaluka! Huku wazima, mafua ya vumbi tu. Mama Kulwa anakusalimu na anakukumbusha vile vitenge. Mimi sisemi zaidi.

Nimeusoma ujumbe wako. Eti miaka yote ya kuigiza ukilia kwenye tamthilia imekuchosha, sasa unataka kuongoza mwenyewe, uanze na filamu ya hali halisi ya wanawake wa dagaa hapa sokoni Mwaloni. Nikuzuie mimi nani? Sarah Polley wa Kanada aliigiza tangu utotoni, akaongoza filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 2006, na 2012 akatoa ile ya marehemu mama yake. Zile picha za zamani za familia, mwenzio nikatoa machozi, kumbe nyingine ni waigizaji! Kazipiga upya kwa kamera ya kizamani, usijue ipi ni ipi.

Hapo ndipo roho yangu haitulii. Yeye alicheza na mambo ya kwao. Wewe ukimwambia mama wa watu "rudia, anika tena", utafukuzwa. Hawajaisahau filamu ya sangara ya Hubert Sauper, ya 2004: wenzetu Ulaya wakaipa tuzo, huku watu wakaandamana kwamba imetuchafulia jina, na Rais Kikwete akaikemea hadharani mwaka 2006. Mpaka leo ukiinua simu Mwaloni unaulizwa picha unazipeleka wapi.

Halafu wale wamama kwa kuigiza wanakuzidi. Kuna bibi wa vichanja vya mwisho: akiona kamera anajifunga kanga upya na kuongea kama mtangazaji. Kamera ikiondoka, anaokota dagaa mmoja, anamvunja sikioni. Akilia ka! anaingia gunia, akipinda tu, anarudi juani. Hicho ndicho unachokitafuta, shoga, na hakiji kwa "rudia".

Kwa hiyo njoo kwanza mikono mitupu, ukae nao, uchambue dagaa. Na uje gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inalala, utapiga picha mchanga.

Maikrofoni ya kuhimili upepo wa ziwa unayo? Nani analipa? Yule bwana wa tamthilia kakuachia, au mkataba bado? Baba Aisha anajua? Na utafikia kwangu au kwa wifi yako Nyegezi? Maana godoro la wageni Juma aliliazima, kimya mpaka leo.

Wako,
Kabula