Kabla ya kujaza viti, tujue tumetumwa kwa nani

Mhariri,

Kila linapozungumzwa suala la makanisa yanayopungua waumini, dawa zinazotajwa ni zilezile: kwaya mpya, vipaza sauti bora, ibada fupi, mchungaji kijana. Sina ugomvi na hayo. Ila yote yanatafuta namna ya kuwarudisha watu kwenye viti, na naamini kanisa linalowaza viti vyake tu limeshasahau kwa nini lipo.

Usharika wa Antiokia uliwaza vingine. Matendo ya Mitume sura ya 13 inasimulia kwamba walipokuwa wakimfanyia Bwana ibada na kufunga, Roho Mtakatifu aliwaambia wamtengee Barnaba na Sauli, watu waliokuwa miongoni mwa walimu wao. Wakawawekea mikono, wakawaacha waende. Ni mabaraza mangapi ya wazee leo yangekubali kutoa walimu wa namna hiyo?

Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wakimbizi wa imani waliopewa hifadhi kwenye ardhi ya Zinzendorf, kabaila Mkristo wa huko, kuanzia 1722. Haikuchukua muda wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1727 walipatana, wakapanga zamu za maombi usiku na mchana, na mwaka 1732 wakawatuma Leonard Dober na David Nitschmann kisiwani St. Thomas, katika Karibi, kwa Waafrika waliokuwa utumwani. Dober alikuwa mfinyanzi, Nitschmann seremala. Nazitaja kazi zao makusudi, maana tumezoea kudhani utume ni wa wenye shahada za teolojia. Kanisa lile halikungoja kwanza liwe kubwa au tajiri.

John Wesley naye, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, mwaka 1739 alitoka nje akawahubiria wachimba makaa wa Kingswood, karibu na Bristol, palepale walipokuwa.

Ombi langu kwa wazee wenzangu: kikao cha bajeti kianze na watu walio nje ya milango yetu. Wapo wagonjwa wasiotembelewa, wapo wafungwa, wapo vijana walioacha ibada kwa sababu ya maneno yetu makali. Hao watengewe fungu kabla ya rangi na paa. Tukiwaendea, tuwasikilize kwanza, na vijana hao tuwaombe radhi. Tusiwahesabu kama mavuno yetu: huenda wengine wakamjua Kristo kupitia sisi, kisha wakaabudu kwingine. Tuwe tayari kumshukuru Mungu kwa hao pia.

Mzee wa kanisa