Mtaro mpana hausafishi maji

Ndugu Mhariri,

Kila ikinyesha mvua kubwa kilio ni kilekile: mitaro ni midogo, ipanuliwe, maji yaondoke haraka. Sina ugomvi na mtu asiyetaka nyumba yake ijae maji. Ila ni nadra kusikia mtu akiuliza maji hayo yakiondoka yanakwenda wapi, na yanaondoka na nini.

Wengi wanaamini mtaro wa barabarani unaishia kwenye mitambo ya kusafisha maji taka. Kwa miji mingi, sivyo. Maji ya vyooni yana bomba lake. Ya mvua yanatiririka moja kwa moja hadi mtoni, ziwani au baharini bila kusafishwa. Kwa hiyo anayemwaga oili chafu mtaroni ameimwaga mtoni, tofauti ni saa tu.

Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 2,000. Udongo wenye majani ungekunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Zege na lami hazinywi. Na yale ya mwanzo, hasa baada ya kiangazi kirefu, mara nyingi ndiyo machafu kuliko yote. Yatazame yakiingia mtaroni: meusi, juu yana utando wa mafuta unaometameta, ndani yamebeba vumbi la breki, zinki ya mabati, vinyesi vya wanyama na mbolea iliyozidi bustanini. Mbolea hiyo inastawisha mwani, mwani ukifa unaozeshwa na bakteria, na bakteria hao wanaimaliza oksijeni ambayo samaki walikuwa wakiitegemea. Tope nalo linaziba matamvua ambayo samaki hupumulia, na kwenye maji ya kunywa linavipa vijidudu mahali pa kujificha klorini isivifikie.

Tairi nazo zimo. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walieleza kwa nini samaki aina ya coho walikuwa wakifa kwenye vijito vya jimbo la Washington kila mvua iliponyesha. Kemikali inayotiwa kwenye tairi ili mpira usipasuke hukutana na ozoni ya hewani na kugeuka sumu inayoitwa 6PPD-kwinoni. Hakuna kiwanda kilichovunja sheria hapo. Ni magari tu yanayopita.

Anayedhani haya ni mambo ya samaki akumbuke Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba bakteria wa samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji, na klorini iliyotiwa haikutosha. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 wakaugua.

Ndiyo maana napinga wazo la kupanua mitaro halafu basi. Maji yakikimbizwa hayapati nafasi ya kutuama wala kunyonywa na ardhi. Yanafika mtoni na uchafu wote, tena kwa nguvu ya kumega kingo. Kinachosaidia ni kuyachelewesha: ukanda wa majani kandokando ya barabara na mito, maegesho yenye sakafu inayopitisha maji, bwawa la kutuamisha tope kabla ya mto. Barabara zifagiliwe kabla ya msimu wa mvua, si baada yake. Na lile tope linalozolewa mitaroni lipelekwe mbali. Kulirundika ukingoni hapohapo, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kuisubiri mvua inayofuata ilirudishe ndani, na mzoaji alipwe tena.

Ombi langu kwa waandishi wenu ni moja. Mkialikwa kwenye uzinduzi wa mtaro mpya, msiridhike kupewa urefu na gharama yake. Mwulizeni mhandisi unaishia wapi, na pale unapoishia kumewekwa nini cha kuyazuia maji machafu ya mwanzo.

Msomaji wenu