Mvinyo mwekundu si juisi

Mhariri,

Kwenye sherehe zetu mvinyo mwekundu humiminwa kama juisi, eti pombe ni bia, huu ni wa akina mama tu. Geuzeni chupa msome lebo. Ikiandikwa 14%, chupa ya mililita 750 ina mililita 105 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye 5% ina 25. Kwa hiyo chupa moja inazidi bia nne, na glasi za ukumbini hujazwa hadi ukingoni!

Kilevi hicho hutokana na sukari ya zabibu inayoliwa na hamira. Jua kali, kama letu la Dodoma, huzipa zabibu sukari nyingi, na mvinyo wake unaweza kuwa mkali zaidi. Utamu nao usiwadanganye: port, mvinyo wa Ureno, ni tamu, lakini hufika 20% kwa sababu huongezewa pombe kali kabla sukari haijaisha.

Hata namba ya lebo ina nafasi ya kuteleza. Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusu kilevi halisi kitofautiane na lebo kwa pointi 0.5 za asilimia, Marekani, kwa mvinyo usiozidi 14%, hufika 1.5.

Wenye kumbi, wapeni wahudumu kipimo.

Msomaji wenu,
Dodoma