Ukikiri kosa, rufaa haifi yote

Mhariri,

Katika seli za polisi kuna ushauri usiokosekana kabla ya watu kupelekwa kortini: "Kubali tu, hakimu atakuhurumia." Gharama yake haitajwi. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai ya Kenya, Sura ya 75, kinasema aliyekiri mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anabaki na ukubwa au uhalali wa adhabu, basi.

Hata hivyo, kizuizi hicho kinahusu kukiri kuliko wazi. Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, iliweka utaratibu: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha upande wa mashtaka ueleze kosa lilivyotendeka na mshtakiwa aulizwe tena. Hapo ndipo mambo huharibika. Mtu amesema "ni kweli", halafu baada ya maelezo anaongeza: "Nilimpiga, lakini yeye ndiye alinivamia na panga." Huko ni kujitetea. Hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana, kesi isikizwe. Akimhukumu vivyo hivyo, Mahakama Kuu inaweza kufuta hukumu. Usitarajie kwenda nyumbani siku hiyo, kwani huenda ikaagiza kesi ianze upya.

Rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza ombi lake, naye hulipeleka kortini. Itisha nakala ya mwenendo wa kesi mapema, uangalie ukurasa wa siku ya kukiri: lugha gani imeandikwa, na jibu lako limenukuliwa vipi? Tena ukipinga adhabu, kifungu cha 354 kinairuhusu Mahakama Kuu kuiongeza. Wengi huligundua hilo wakiwa tayari kizimbani.

Kinachonikera ni hiki. Aliyeandikiana makubaliano ya kukiri na mwendesha mashtaka, mara nyingi akiwa na wakili, lazima hakimu amwambie, kwa kifungu cha 137F, kwamba anaachilia haki ya rufaa isipokuwa kuhusu adhabu. Anayekiri peke yake asubuhi ya kwanza anaongozwa na kifungu cha 207, ambacho hakina onyo hilo. Bunge liliongeze humo, na mahakimu wasisubiri Bunge: sentensi moja kwa Kiswahili kabla ya mshtakiwa kujibu haichukui hata dakika.

Wakili,
Nakuru