YAH: KUFUNGA SHULE, NA YULE KIJANA WA LA NNE

Wazazi na walezi wangu, poleni na majukumu. Tunafunga Ijumaa saa sita, ripoti zipo kwa walimu wa darasa. Moko, ule mtihani wa majaribio wa la saba, imeenda vizuri, hongereni.

Sasa la moyoni. Mliofika Jumatano mlimwona yule kijana wa la nne akisoma habari nzima mbele ya shule, kidole kwenye mstari, polepole, na hakuruka neno hata moja. Machozi yalinilenga, sifichi. Mwaka jana huyu b na d kwake zilikuwa kitu kimoja, ukimwambia andika "baba" anakuandikia "dada", lakini mpe hesabu ya kichwa ya visado vya dagaa anakuumbua. Sio mjinga wala hajarogwa. Hiyo inaitwa disleksia, ubongo unapata tabu kuunganisha herufi na sauti yake, akili iko palepale, na mara nyingi hali hiyo inatembea kwenye ukoo, kwa hiyo baba kabla hujashika fimbo kumbuka wewe ulisomaje. Na msiseme ni mambo ya siku hizi, mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 wa namna hiyohiyo, hesabu anaziweza, kusoma kumemshinda.

Madam wa la nne alitaka macho na masikio yapimwe kwanza, mama akampeleka hospitali ya Bugando, vyote vizima. Ndo madam akarudi naye kwenye silabi, kijana anaichora mchangani huku anaitamka, dakika ishirini kila siku. Hamna kidonge wala kombe hapo.

Halafu wakati huohuo kuna mzazi, mtu mzima kabisa, kapiga picha daftari la huyu mtoto kalirusha kwenye grup la wasap na vikatuni vya kucheka, na wengine mkachangia, eti aondolewe anashusha wastani wa darasa. Mama yake yumo humo humo kwenye grup! Siku tatu mtoto hakuja shule. Mimi watoto nawakanya wasiitane zezeta, kumbe wanajifunzia nyumbani.

Kuna na hili la giza. Mwezi ukipotea dagaa wanavuliwa, mahudhurio yanakufa, watoto wako mwaloni wanaanika. Na nimeangalia rejista, wanaotolewa wa kwanza ni hawahawa wasiojua kusoma, "si hana akili huyu, akasaidie". Mtoto anayehitaji silabi kila siku unamnyima wiki mbili, akirudi tunaanza upya! Safari hii majina nayapeleka kwa mtendaji.

Mahindi ya uji mlikubaliana wenyewe kikaoni, leteni.

Mwenye mtoto anayehangaika kusoma au kuhesabu aje kabla ya Ijumaa, bila aibu, tumwandikie afisa elimu maalumu wa halmashauri. Na yule wa picha, ofisini kwangu Alhamisi saa mbili asubuhi, najua namba yake.

Mwalimu Mkuu